Gego la chini, kushoto

Mimi hutafunia upande wa kulia. Nimezoea hivyo tangu 2003, na nikikaa na wageni kwenye nyama choma lazima atokee mmoja wa kuniuliza kama nina kidonda. Sina kidonda, nina pengo. Ni gego la chini, kushoto, lile la kwanza kuota katika magego ya ukubwani. Huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yake yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na litatoka lenyewe. Langu halikutoka lenyewe.

Nimelifikiria pengo hili kuliko kawaida tangu habari za bima ya afya kwa wote ziliposhika kasi. Kila kijiwe kiliuliza itakuwa shilingi ngapi. Mimi nina swali la mwenye pengo: kwenye meno italipia nini?

Ngoja nianzie mkonge. Mwaka huo 2003 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, nikapata kibarua cha kuhesabu marobota kwenye shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Ujira ulikuwa shilingi 1,500 kwa siku. Jino lilianza kama mzaha. Maji ya mtungi yakiligusa, nafumba jicho moja. Baada ya dakika limetulia. Baadaye chai, maana chai ya kambini ilikuwa sukari iliyotiwa maji. Wenzangu wote wakageuka madaktari. Huyu karafuu, yule chumvi ya mawe, na mmoja, Mungu amsamehe, akaniletea maji ya betri kwenye kifuniko cha chupa.

Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda basi hadi hospitali ya wilaya. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo. Tabibu wa meno alikuwa mzee mpole mwenye mikono mikubwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nifungue, akaligonga jino kwa mpini wa kioo chake.

"Limetoboka, lakini tundu ni dogo. Umewahi, kijana. Hili ni la kuziba."

Nikashusha pumzi. Hakuwa amemaliza.

"Ila vifaa vya kuziba hatujaletewa tangu mwezi wa pili. Tanga mjini watu binafsi wanaziba, elfu kumi na tano. Mimi hapa nina ganzi na koleo."

Nikapiga hesabu pale pale nimelala kitini, mdomo wazi. Elfu kumi na tano ni siku kumi za kibarua, nauli mbali, na siku nyingine ya ruhusa ambayo nyapara asingenipa. Kung'oa ilikuwa shilingi 1,000. Nikamuuliza, nikiliacha? Akasema naweza kuliacha, halitaniua leo, lakini tundu halirudi nyuma. Likifika kwenye mshipa nitakuja usiku nikilia, na hapo hata kuziba hakutatosha. Alinieleza vizuri, bila kunisukuma. Nikamwambia ang'oe.

Sindano ya ganzi ya gego la chini huingia mbali, karibu na maungio ya taya. Baada ya dakika chache nusu ya mdomo wangu wa chini ikawa si yangu tena, nzito kama ya mtu mwingine aliyeegemea usoni kwangu. Halafu koleo. Watu hudhani jino huvutwa. Halivutwi: hukamatwa likasukumwa ndani na nje, ndani na nje, mpaka tundu lake lipanuke, na wewe unasikia kichwani mlio kama wa mtu anayevunja muwa chumba cha pili. Likatua kwenye sahani ya chuma, mizizi miwili imenyooka, jeupe, zima, na juu yake kitundu cheusi kisichozidi punje ya mtama. Nimekiona kwa macho yangu. Nikapewa pamba ya kuuma nusu saa, nikaambiwa nisiteme mate, na maji ya chumvi ni kuanzia kesho.

Ukiniuliza nani alining'oa jino, nitakwambia kabati tupu. Mzee wa watu alijua la kufanya, nami nilijua anachosema. Kilichoamua ni kwamba ganzi na koleo vilikuwepo, na ule unga wa kuzibia haukuwepo.

Sisemi kwamba hilo lilikuwa jambo la hospitali ile tu. Mwaka 1993 Tanzania ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma, baada ya miaka mingi ya huduma kuwa bure. Miaka miwili kabla, 1991, sheria ilikuwa imerekebishwa kuruhusu tena matibabu binafsi ya biashara, ambayo yalipigwa marufuku 1977. Kwa malaria au uzazi, mabadiliko yale yalijadiliwa mno. Meno yalipita kimya kimya: kuziba kukahamia kwa wenye kliniki mjini, kung'oa kukabaki wilayani. Hakuna waziri aliyesimama akatangaza hivyo. Ilitokea tu, kama njia inavyojichora kwenye nyasi kwa watu kupita hapo kila siku.

Mwaka 2019, nikiwa mwajiriwa Dar es Salaam, nilikwenda kuonana na daktari wa meno, binti ambaye nahisi alikuwa hajaota gego wakati mimi nang'olewa. Akanionyesha kwa kioo: jino la juu, lililokuwa likisagana na lile lililong'olewa, limeshuka. "Linamtafuta mwenzake," alisema. La nyuma ya pengo nalo limelala mbele, chakula kinanasa hapo, na kwenye ubavu wake tayari kuna tundu. Kwa hiyo kile kitundu cha punje ya mtama, miaka 16 baadaye, kilikuwa kimenigusa meno matatu. Nikamuuliza bei ya kupandikiza jino la bandia. Aliponitajia nikacheka, naye akacheka. Ilikuwa inakaribia bei ya pikipiki iliyotumika.

Wanaopanga bajeti huwa hawajumlishi hapo. Kwenye daftari la 2003 mimi ni mgonjwa aliyehudumiwa kwa shilingi 1,000, akapona, kwaheri.

Sasa tuje kwenye bima. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipofika bungeni 2022, ubishi wote ulikuwa juu ya shilingi 340,000 zilizokuwa zikitajwa kwa kaya ya watu 6. Haki ya watu kubisha, maana CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya idadi hiyohiyo. Muswada ukarudi nyuma, ukaja tena, Bunge likaupitisha Novemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akausaini. Katika mabishano yote niliyoyafuatilia, redioni, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza habari ya meno. Figo, ndiyo. Saratani, ndiyo. Meno ni kama viatu: unayakumbuka yanapokubana.

Watoa bima, popote duniani, huyaogopa meno, na sababu zao zina mantiki. Mtu ana meno 32, na kila moja linaweza kuleta ankara yake. Matibabu ni madogomadogo na ya mara kwa mara. Tena ni rahisi kudanganya: daktari akiandika ameziba manne wakati ameziba mawili, nani atafungua mdomo wa mteja kuhesabu? Kwa hiyo meno huwekewa ukomo, huwekewa vibali, au huachiwa kung'oa na dawa ya maumivu. Na kung'oa kuna sifa moja ambayo mhasibu anaipenda sana: jino lililong'olewa halileti ankara tena.

Mimi mwenyewe nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na sina la kulalamika juu ya mpango wenyewe. Umewatibu wazazi wangu mpaka nimenyamaza. Lakini nilijifunza kitu Machi 2024. Mfuko ulitoa kitita kipya chenye bei mpya za kulipa vituo, kianze kutumika tarehe 1 Machi, na hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikagoma kupokea wanachama zikisema bei hazilipi. Wakati huo mimi nilikuwa katikati ya matibabu ya mzizi, kwenye lile jino la nyuma ya pengo. Aliyewahi kutibiwa mzizi anajua: ni safari mbili, tatu. Wanatoboa, wanasafisha mishipa iliyokufa, wanaweka dawa, wanafunika kwa kizibo cha muda, wanakwambia rudi baada ya wiki moja. Nikarudi baada ya wiki moja. Dada wa mapokezi, kwa upole wote, akaniambia kadi haipokelewi kwa sasa, labda nilipe taslimu au nisubiri maelekezo.

Nikasubiri maelekezo. Kizibo cha muda hakikusubiri. Kilipasuka kwa karanga, siku ya kumi na moja, na nikaishia kulipa taslimu, tena zaidi, kwa sababu ilibidi kuanza upya kusafisha.

Siilaumu kliniki ile wala simlaumu aliyepanga bei. Kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa meno huwa yuko katikati ya safari. Ukibadilisha bei leo usiku, kesho asubuhi kuna watu wana matundu wazi mdomoni.

Nina mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anaishi Leicester, Uingereza. Nilipomsimulia mkasa wa karanga alicheka, halafu akaniambia, "Kaka, wewe shukuru una wa kukukataa. Mimi sina hata mlango wa kugonga." Nilidhani ananitania. Uingereza ndiko NHS, huduma yao ya afya ya umma, ilikoanza 5 Julai 1948 na meno ya bandia yakagawiwa bure, watu wakamiminika kiasi kwamba 1951 serikali ikaanza kutoza, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma yenyewe, akajiuzulu kwa hasira. Nchi ambayo waziri anaacha kazi kwa sababu ya meno ya bandia, mdogo wangu anakosaje daktari?

Jibu liko kwenye mkataba wa 2006, na nimeusoma zaidi ya inavyompasa mtu wa Tabata. Kabla ya hapo daktari wa meno alilipwa kwa kila kazi. Serikali ikaona kuna hatari ya kutoboa meno mazima ili kupata hela, ikaja na vipimo, yaani alama za kuhesabia malipo: matibabu yote yakagawanywa katika madaraja matatu, kila daraja na idadi yake ya vipimo. Uchunguzi ni kipimo 1. Kuziba, kung'oa na kutibu mzizi vilikuwa vipimo 3. Kofia za meno na meno ya bandia ni 12. Daktari anapewa idadi ya vipimo vya kutimiza kwa mwaka, asipotimiza anarudisha fedha.

Soma tena hilo la daraja la kati. Kuziba jino moja, vipimo 3. Kuziba sita, vipimo 3. Kung'oa, dakika kumi na tano, vipimo 3. Kutibu mzizi wa gego, saa nzima na zaidi, vipimo 3. Sasa wewe ni daktari, una kodi ya jengo na mishahara ya wasaidizi, na amekaa kitini mtu mwenye meno sita mabovu. Mwaka 2008 Kamati ya Afya ya Bunge la Uingereza iliandika kwamba matibabu ya mzizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 45 tangu 2004. Madaktari walikuwa walewale na matundu yaleyale. Kilichobadilika ni karatasi ya malipo.

Waliirekebisha kidogo Novemba 2022, kuziba meno matatu au zaidi kukapanda hadi vipimo 5 na mzizi wa gego hadi 7, lakini miaka 16 ilikuwa imepita na madaktari wengi walishahamia kwa wagonjwa wa kulipa wenyewe. Mwaka huohuo BBC ilizipigia simu kliniki za NHS nchi nzima, ikakuta 9 kati ya 10 hazipokei mgonjwa mpya mtu mzima. Februari 2024, kliniki moja ilipofunguliwa mtaa wa St Pauls, Bristol, watu walipanga foleni mitaa kadhaa hadi polisi wakaitwa kuisimamia. Mdogo wangu aliniletea picha ya foleni ile kwa simu, watu wamevaa makoti, wanawake na watoto, mstari hauonekani mwisho. Akaandika chini yake: "Kama foleni ya sukari wakati wa Mwalimu."

Desemba iliyofuata alikuja likizo. Siku ya pili baada ya kutua, kabla hata hajafika kwao Muheza kumsalimia mama, alikuwa kwenye kiti cha daktari Dar es Salaam. Aliziba mawili, akasafisha ugaga. Nikamsindikiza, nikakaa kwenye benchi nikiwaza: mtu ametoka kwenye nchi tajiri kuja kuzibiwa hapa, na mtu wa Handeni anang'olewa kwa kukosa kuzibiwa hapahapa.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo linaniuma kuliko ganzi ikiisha. Ipo njia ya kuziba jino bila mashine, bila umeme, bila maji ya bomba, na njia hiyo ilizaliwa Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya udaktari wa meno hapo Muhimbili walianza kujaribu kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, vile vijiko vidogo vyenye makali, na kuziba kwa simenti ya meno inayonata yenyewe. Uozo wa jino ni laini, jino zima ni gumu. Kijiko kikifika kwenye ugumu unasimama. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Baadaye njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu Siku ya Afya Duniani, 7 Aprili 1994. Mwaka 2021 simenti inayotumika sasa kwa njia hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo.

Kwa hiyo siku ile nimelala kwenye kile kiti mkoani Tanga, njia ya kuliokoa jino langu ilikuwa na umri wa karibu miaka 20, imezaliwa kilomita mia tatu na kitu kutoka pale, na tayari inafundishwa Asia na Amerika Kusini. Kilichokosekana ni chupa mbili ndogo, moja ya unga, moja ya maji yake.

Sasa mageuzi yoyote ya bima nayapima kwa chupa hizo mbili. Yakilipa kituo kwa kung'oa na kwa kuziba bei inayokaribiana, ninajua kitakachotokea, maana Leicester wameshanionyesha. Yakilipa kuziba vizuri lakini kuziba kwenyewe kuanzie hospitali ya mkoa, mgonjwa wa kijijini atapewa rufaa ya tundu la punje ya mtama, na hataenda. Utaratibu wa rufaa unamtaka mtu aanzie chini, zahanati. Zahanati nyingi hazina mtu wa meno. Tabibu wa meno yuko kituo cha afya akiwepo, au wilayani. Kwa kanda ya Afrika, Shirika la Afya Duniani linahesabu daktari wa meno 1 hivi kwa kila watu 30,000, na hao wengi wako mijini. Basi anayebeba mzigo ni tabibu, yule wa diploma, na kitita kisichomtambua tabibu kama mtu wa kuziba kitakuwa kimeandikwa kwa ajili ya mitaa ya Dar kama Upanga na Masaki.

Mkija kuniambia jino haliui, nitawajibu kwamba baba mdogo alilazwa wiki mbili kwa gego. Usaha ulishuka chini ya ulimi hadi shingoni, akawa hawezi kumeza mate, pumzi inakata. Alipona, lakini gharama ya zile wiki mbili ingeziba meno ya kijiji.

Kuna na hili la zebaki, nalitaja kwa kifupi. Ule mjazo wa rangi ya fedha ambao wazazi wetu wanao mdomoni una zebaki ndani yake, na Novemba 2025 huko Geneva nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuachana nao kabisa ifikapo 2034. Kwa mazingira ni habari njema. Kwa mgonjwa inategemea nani atalipa tofauti, kwa sababu mjazo mweupe wa kisasa unataka taa yake, ukavu wake, na mkono uliozoea. Ikiwa zebaki itaondoka kabatini kabla mbadala haujaingia, kabati litakuwa lilelile la 2003.

Mwaka jana tabibu wa meno alikuja shuleni kwa mwanangu. Wazazi tulichanga, kila mmoja alichoweza, kwa ajili ya vifaa. Yeye na msaidizi wake walijitolea siku yao. Nilikwenda kwa sababu kamati ilinituma kubeba ndoo za maji. Waliunganisha madawati mawili chini ya mwembe, wakatandika kitenge, mtoto analala chali, tabibu anakaa kwenye kigoda nyuma ya kichwa chake, tochi kwenye paji la uso.

Mwanangu alikuwa namba 19 kwenye orodha. Nilisimama karibu nikaona kila kitu. Tabibu akaweka vipande vya pamba ubavuni mwa ulimi. Akachukua kile kijiko, akakwangua taratibu, kikatoka kitu cha kahawia kilaini kama jibini iliyokauka. Mtoto hakulia, alikuwa anaangalia maembe. Msaidizi akadondosha maji kwenye unga juu ya kikaratasi kinachong'aa, akachanganya haraka haraka hadi ukawa kama ugali mlaini. Tabibu akaujaza kwenye tundu, kisha, na hapa ndipo nilipotabasamu, akachovya kidole chenye glavu kwenye kopo la mafuta ya mgando, yale tunayopaka miguu, akalikandamiza jino kwa kidole hicho na kuhesabu kimoyomoyo. Akatoa, akaparura kilichozidi, akamwambia: "Usile kitu kwa saa moja, mama. Sawa?" Dakika chache tu. Hakuna waya, hakuna mlio.

Unga uliisha saa tano na nusu, namba 31 akiwa dawatini. Tabibu alitikisa chupa, akaigonga kiganjani, akaichungulia. Orodha ilikuwa na majina 58. Akamwambia mwalimu waliobaki waandikiwe waje hospitali, na mwalimu akaanza kuandika vikaratasi.

Mtoto wa jirani yangu alikuwa namba 34. Mama yake anauza vitumbua, kufunga biashara siku nzima kwa ajili ya foleni ya hospitali si jambo jepesi. Alikwenda baada ya wiki tano, jino lilipoanza kumtoa mtoto usingizini. Jioni ile kijana alikuja kwetu, shavu limevimba kidogo, anatembea kifua mbele. Alikuwa na kitu amekifungia kwenye karatasi ya chooni, akataka nikione. Nikamwambia afungue mdomo kwanza, nikamulika kwa simu.

Chini, kushoto.